Motokaa za Kiganjani

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Walisema hivyo juu ya vyombo vya baharini, lakini neno lao lafaa pia kwa kitu kidogo kisichozidi urefu wa kidole. Motokaa ya sanamu, iliyosubiwa kwa madini na kupakwa rangi, huhesabiwa na watu wengi kuwa ni mchezo wa mtoto: hununuliwa leo, huburutwa sakafuni kesho, na keshokutwa hupotea chini ya kitanda. Walakini wako watu wazima, hasa katika Ulaya, Marekani na Japani, wanaozikusanya motokaa hizo kwa mamia, wakazipanga katika makabati ya vioo na kuzilinganisha moja na nyingine. Hutazama ipi ina taa zilizokaa mahali pake, ipi paa lake limeinuka kupita kiasi, na ipi rangi yake ni nzito hata imefunika mistari ya milango. Ulinganishi huo si upuuzi. Ni namna ya kusoma historia ya ufundi, na katika historia hiyo mna swali ambalo si la watoto: sanamu husadikika kwa nini? Ni kwa wingi wa viungo vyake, kwa usawa wa umbo lake, au kwa uaminifu wa mkono ulioiunda?

Kazi ya kusubu motokaa ndogo kwa madini haikuanza Uingereza. Katika mji wa Chicago, nchini Marekani, nyumba ya biashara ya Dowst ilikuwa ikiifanya tangu miaka ya 1910, na vitu vyake vikajulikana kwa jina la Tootsietoy. Mwaka wa 1933 nyumba hiyo ilitoa motokaa za Graham ambazo bodi yake, chesisi yake na uso wake wa mbele vilisubiwa mbalimbali, kisha vikaunganishwa. Jambo hilo laonekana dogo, lakini lilikuwa na maana kubwa. Kitu kilichosubiwa kwa kipande kimoja hupakwa rangi moja. Kitu cha vipande vitatu chaweza kuwa na bodi ya rangi hii, matope ya gurudumu ya rangi ile, na uso unaong'aa. Hapo ndipo sanamu ilipoanza kufuata desturi ya motokaa yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1933, mwezi wa Desemba, Frank Hornby wa Liverpool aliingia katika kazi hiyo. Hornby, aliyezaliwa mwaka wa 1863, alikuwa amekwisha pata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1901 kwa ajili ya mchezo wa vipande vya bati vyenye matundu, ambavyo mtoto huviunga kwa parafujo na nati. Mchezo huo ukaitwa Meccano, na ndilo jina lililochukuliwa na kampuni yake. Baadaye kampuni ilitengeneza gari moshi za kuchezea, na gari moshi zilihitaji stesheni, watu, na motokaa za kusimama nje ya stesheni. Ndipo vikatolewa vyombo sita: motokaa mbili za fahari, lori, gari la kupelekea bidhaa, trekta na kifaru cha vita. Mwaka wa 1934 vilipewa jina la Dinky Toys, na muda si muda mtumishi akamshinda bwana wake. Motokaa zilizokusudiwa kuwa pambo la reli zikawa zatafutwa kwa ajili yake zenyewe.

Asili hiyo ya reli imeacha alama ambayo haijafutika hata leo. Mafundi wa reli ndogo za Uingereza, katika kipimo kilichoitwa O, walihesabu milimita 7 kwa kila futi moja ya kitu cha kweli. Futi moja ni milimita 304.8, kwa hiyo sanamu ilikuwa sehemu moja ya 43 na nusu. Kipimo cha 1:43 ambacho wakusanyaji wa dunia nzima hukitumia leo hakikuchaguliwa kwa ajili ya motokaa. Kilirithiwa kutoka kwa gari moshi. Kwa kipimo hicho Volkswagen ya kale, yenye urefu wa karibu mita 4.07, yatakiwa iwe na sentimita 9.5 hivi. Mkusanyaji mwenye rula na hesabu hiyo aweza kumhukumu fundi yeyote, awe wa Liverpool, wa Paris au wa Tokyo.

Motokaa za mwanzo za Liverpool hazikuwa na vioo madirishani, wala viti ndani. Mwenye kuchungulia aliona uwazi mtupu. Lakini umbo lake la nje lilikuwa sawa, na mtazamaji aliweza kusema mara moja, "Hii ni motokaa fulani." Aibu yake haikuwa katika sura, bali katika madini. Vitu hivyo vilisubiwa kwa zinki iliyochanganywa na alumini, magnezi na shaba kidogo, mchanganyiko uliotengenezwa na kampuni ya zinki ya New Jersey, Marekani, mwaka wa 1929. Mchanganyiko huo ni mzuri kwa sharti moja: zinki yake iwe safi kabisa. Ikiingia risasi au bati kidogo tu, madini huliwa ndani kwa ndani, polepole, miaka mingi baada ya kutoka katika kalibu. Kwanza huonekana nyufa nyembamba kama unywele. Kisha chombo huvimba, hupinda, na mwisho huanguka vipande. Motokaa nyingi za kabla ya Vita vya Pili zimeharibika hivyo, hata zile ambazo hazikuguswa na mtoto. Mkusanyaji aliyeinunua kwa bei kubwa hufungua kabati siku moja akakuta unga wa kijivu. Yatokana na hayo kwamba ubora hauko wote mahali panapoonekana. Fundi aliyechonga uso kwa ustadi aweza kuangushwa na mtu aliyetia vyuma vibovu katika tanuri.

Baada ya vita, nyumba ya Dinky ilikaa miaka kumi karibu peke yake katika Uingereza. Mpinzani wake alitoka mahali pasipotazamiwa. Philip Ullmann, aliyekuwa mwenye kiwanda cha michezo ya bati katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, alikuwa amekimbilia Uingereza baada ya Hitler kushika utawala, na mwaka wa 1933 akaanzisha kampuni ya Mettoy katika mji wa Northampton. Mwaka wa 1956 kampuni hiyo ilitoa motokaa zake kutoka Swansea, katika Wales, ikaziita Corgi kwa jina la mbwa wa nchi hiyo. Tangazo lake lilikuwa fupi: hizi ndizo zenye madirisha. Kipande cha plastiki angavu, chenye thamani ndogo mno, kiliifanya kazi ya Liverpool ya miaka zaidi ya ishirini ionekane kuwa nyumba isiyomalizwa. Dinky ilitia vioo mwaka wa 1958.

Kuanzia hapo mashindano yalikuwa makali. Mwaka wa 1959 zilitokea springi, ili motokaa inesenese inapobonyezwa. Mwaka wa 1960 Corgi ilitoa Aston Martin DB4 ambayo boneti yake ilifunguka na injini ikaonekana. Mwaka wa 1963 ikatoa Ghia yenye milango, boneti na buti vya kufunguka, viti vya kulala, na mbwa mdogo ameketi nyuma ya kioo. Watoto walifurahi, na wazazi walilipa. Kila nyumba iliamini kwamba yenye viungo vingi zaidi ndiyo iliyo bora zaidi.

Hapa yafaa kusimama na kufanya hesabu. Katika kipimo cha 1:43, mlango unaofunguka wahitaji bawaba na nafasi ya kupita. Nafasi ya nusu milimita, ambayo jicho la mtoto haliioni, ni sawa na milimita 21.5 katika motokaa ya kweli. Hakuna mwenye motokaa ambaye angeipokea kutoka dukani ikiwa kidole chake chaweza kupenya kati ya mlango na bodi. Kadhalika rangi: tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na milimita 4.3 za rangi juu ya bati la kweli. Kwa hiyo kila kiungo kilichoongezwa kiliondoa kitu kingine. Mlango ulipopata uhai wa kufunguka, ubavu ulipoteza mstari wake mwembamba. Boneti ilipoonyesha injini, pua ilinenepa ili ipate mahali pa kushikia bawaba. Wakusanyaji wa baadaye walipoziweka motokaa hizo kando ya zile za kale zisizofunguka, wengi waliona kwamba ya kale, kwa umaskini wake wote, ilikuwa na umbo lililo karibu zaidi na asili.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni Aston Martin DB5 ya mwaka wa 1965, iliyotolewa na Corgi kwa ajili ya sinema ya Goldfinger ya mwaka wa 1964. Ilikuwa na kiti cha kumrusha mtu nje kupitia paani, bunduki mbili zilizochomoza mbele, na ngao ya kuzuia risasi nyuma. Ziliuzwa zaidi ya milioni mbili. Walakini motokaa ya sinema ilikuwa ya rangi ya fedha, na ya Corgi ilipakwa rangi ya dhahabu, kwa kuwa ilihofiwa kwamba rangi ya fedha ingeonekana kama madini yasiyopakwa kitu. Huo ulikuwa uongo wa wazi, uliofanywa kwa makusudi na kwa sababu ya busara. Na hakuna mtoto aliyelalamika kiasi cha kuirudisha dukani. Mwaka wa 1968 ilitolewa nyingine, ya rangi ya fedha, yenye viungo vingi kuliko ya kwanza. Ya dhahabu haikuacha kupendwa. Laonekana basi kuwa kusadikika kwa sanamu si jambo la macho peke yake. Kumbukumbu nayo ina haki yake.

Mwaka huohuo wa 1965 kampuni hiyo ilitoa sanamu inayowahusu watu wa Afrika Mashariki. Mashindano ya motokaa ya Safari yalianzishwa mwaka wa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Sifa yake ilienea kwa sababu ya ugumu wake: mwaka wa 1963 ziliondoka motokaa 84, na zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Volkswagen ilikuwa imeshinda mwaka wa 1962, na Corgi ikaifanya Volkswagen yake kuwa ya Safari: nyekundu, namba 18 ubavuni, gurudumu la akiba juu ya paa, na pamoja nayo kifaru mnyama wa plastiki. Aliyezungusha gurudumu la juu ya paa aliyageuza magurudumu ya mbele.

Mwenye kuijua njia ya Safari akiitazama sanamu hiyo huona mara moja kilichokosekana. Hakuna tope. Motokaa zilizopita katika mvua ya Aprili zilifika zimevikwa udongo hata namba zake hazikusomeka. Hii yang'aa kama iliyotoka dirishani mwa duka. Aliyetiwa badala ya tope ni kifaru, ambaye hakushindana na mtu. Fundi wa Swansea hakuionyesha Safari kama ilivyokuwa. Aliionyesha kama mnunuzi wa Uingereza alivyoitazamia Afrika. Namba, rangi na gurudumu la akiba vyaweza kuhesabiwa katika orodha ya viungo vyema, lakini orodha hiyo haimwambii mtu kwamba nchi yenyewe imeachwa nje. Na ni ajabu kwamba usukani ule wa paani wakumbusha kitu ambacho watoto wa Afrika Mashariki hujitengenezea wenyewe: kigari cha waya chenye fimbo ndefu na duara la usukani juu yake. Kigari hicho hakina rangi, wala taa, wala jina la kiwanda. Lakini kikiendeshwa barabarani hupata tope lake la haki.

Kutawazwa kulekule kwa mwaka wa 1953 kulimfaa na mtu mwingine. Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa ndugu, walikuwa wameanzisha kampuni ya Lesney huko London mwaka wa 1947, na Jack Odell akajiunga nao kwa ufundi wake wa kalibu. Gari dogo la kifalme la farasi, lililotolewa kwa sherehe hizo, liliuzwa zaidi ya milioni moja, na fedha yake ikafungua njia ya kazi kubwa zaidi. Binti ya Odell alisoma katika shule iliyoruhusu mtoto kuleta mchezo ikiwa tu waenea katika kisanduku cha kiberiti. Baba akamtengenezea mtambo mdogo wa kushindilia barabara kwa shaba, na wenzake wote wakautamani. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa motokaa za Matchbox.

Kwa wapimaji, Matchbox ilikuwa fitina. Kisanduku ndicho kilichokuwa sheria, si rula. Basi la ghorofa la London, lenye urefu wa mita 8 hivi, na motokaa ndogo ya mita 4 vilitakiwa vyote vienee mahali pamoja. Ukiviweka mezani pamoja, basi halimzidi mwenzake kwa kiasi cha haki. Hata hivyo kila kimoja peke yake kilikuwa na chapa safi, na bei yake iliwafikia watoto ambao hawakuweza kununua Dinky. Katika mizani ya wakusanyaji, uwezo wa mtoto maskini kukishika kitu hausomeki; katika mizani ya historia wasomeka.

Mwaka wa 1968 kampuni ya Mattel ya Marekani, iliyoongozwa na Elliot Handler, ilitoa motokaa 16 zilizoitwa Hot Wheels. Ekseli zake zilikuwa nyembamba na magurudumu yake mepesi, zikakimbia katika njia za plastiki kwa kasi isiyokuwa na mfano. Watoto wakasahau boneti za kufunguka. Matchbox ilijibu mwaka wa 1969 kwa magurudumu ya Superfast, na motokaa zilizokuwa zimeundwa kwa adabu zikapachikwa magurudumu mapana yasiyozistahili. Ushindani wa viungo ukawa umeshindwa na ushindani wa mwendo. Kisha zikaja gharama za kazi, uzito wa fedha ya Uingereza katika masoko ya nje, na michezo ya elektroniki. Kiwanda cha Binns Road huko Liverpool kilifungwa mwaka wa 1979. Lesney ilianguka mwaka wa 1982, na Mettoy mwaka wa 1983. Katika muda wa miaka minne nyumba tatu zilizowafundisha walimwengu kupenda vitu hivi zilikwisha, na wanawake na wanaume waliojua kupaka taa ya mbele kwa mguso mmoja wa burashi wakatawanyika kutafuta riziki nyingine.

Kilichofuata kilikuwa cha watu wazima. Watoto wa miaka ya 1950 na 1960 walikuwa na mishahara sasa, wakataka kukirudia walichokipoteza. Mwaka wa 1990 ilitokea Minichamps ya Aachen, Ujerumani, katika kipimo cha 1:43, yenye rangi nyembamba na maandishi yasomekayo kwa kioo cha kukuzia. Mwaka wa 1995 ikaanzishwa CMC, nayo ya Ujerumani, ambayo baadhi ya motokaa zake za kipimo cha 1:18 zina sehemu zaidi ya 1,000, nyingi zikiungwa kwa mkono huko China. Wengine wakaacha madini wakatumia rezini, wakafunga milango yote, nao wakapata mistari myembamba isiyowezekana katika zinki. Ubishi wa kale ukarudi kwa lugha mpya: huyu asema motokaa isiyofunguka ni jiwe lililopakwa rangi, yule asema motokaa inayofunguka ni sanduku lenye bawaba. Wote wawili wana hoja, na hesabu ya nusu milimita haijabadilika.

Bei zilipopanda, hila nazo zilipanda. Motokaa iliyochubuka hupakwa rangi upya. Gurudumu lililopotea hutiwa lililofanywa juzi. Kisanduku cha karatasi ngumu huigwa kwa mashine hata mzoefu akadanganyika. Kulitengeneza lililoharibika si kosa. Kosa ni kunyamaza wakati wa kuuza. Ndiyo sababu wakusanyaji waangalifu hujifunza kunusa rangi, kutazama ribiti za chini kama zimewahi kufunguliwa, na kupima uchakavu wa kisanduku pamoja na uchakavu wa kilichomo. Ujuzi ulioanza kwa kutazama kama sanamu imefanana na motokaa umeishia kutazama kama sanamu imefanana na nafsi yake.

Na juu ya hila kuna kinaya. Motokaa yenye thamani kubwa kuliko zote ni ile ambayo haikuchezewa kamwe, iliyokaa gizani ndani ya kisanduku chake kwa miaka sitini. Yaani soko humtuza mtoto ambaye hakufurahi. Ile iliyopendwa, ikaburutwa, ikaanguka ngazini, ikapoteza kioo na rangi ya pembe zake, hutupwa katika kapu la bei rahisi. Walakini hiyo ndiyo peke yake iliyotimiza kazi ambayo Hornby, Ullmann na Odell waliikusudia.

Historia hii basi haiwapi ushindi wapenda viungo vingi, wala haiwadharau. Yaonyesha kwamba kila aliyeunda kitu kidogo mfano wa kikubwa alilazimika kuchagua cha kutia na cha kuacha, na kwamba ubora wake umo katika uchaguzi huo. Dinky iliacha vioo ikashika umbo. Corgi ilishika milango ikaacha wembamba. Matchbox iliacha kipimo ikamfikia mtoto wa mnyonge. Mkusanyaji afanyaye ulinganishi kwa haki huuliza fundi alikuwa na nini mkononi, alimkusudia nani, na kama alificha lolote. Akiisha kuuliza hayo, aweza kuichukua Volkswagen nyekundu yenye kifaru chake, akaiweka katika kiganja, akaicheka kwa usafi wake, na bado akaipa mahali pake katika kabati.